Uemura: Mpanda milima wa peke yake ambaye watu walisita kumwokoa

FEBRUARI 13, 1984, ndege ndogo iliyobeba wapigapicha wa Kijapani ilikuwa ikizunguka juu ya Mlima McKinley, Alaska, ule ambao wenyeji wa huko wanauita Denali. Redio ya upepo ikakoroma, kisha ikaingia sauti ya mtu mmoja. Alikuwa amefika kileleni jana yake, siku aliyotimiza miaka 43. Sasa alikuwa ameshaanza kushuka, yuko kwenye mita 5,500 hivi, na baada ya siku mbili angekuwa chini kambini.

Hakufika. Miaka zaidi ya 40 imepita na mwili wake haujaonekana.

Shabiki wa soka amezoea kitu kimoja: mchezaji akianguka akashika goti, refa anapuliza filimbi, madaktari wanaingia mbio na machela. Hata kipa, ambaye ndiye mpweke kuliko wote uwanjani, ana mabeki wanne mbele yake na benchi zima pembeni. Naomi Uemura alichagua mchezo usio na benchi. Na siku alipokwama, wale waliokuwa na uwezo wa kuingia uwanjani walisita kwanza, kwa sababu dunia nzima ilishajua kwamba huyu jamaa anapenda kuwa peke yake.

Jina lisikuchanganye. Kwetu Naomi ni dada au mama wa mtu, lakini Japani hata mwanaume anaitwa Naomi. Huyu alizaliwa Februari 12, 1941 katika eneo la Hidaka, mkoa wa Hyogo, kitinda mimba katika nyumba ya wakulima. Hakuna mtu kijijini aliyemtazama akasema huyu atakuja kuwa staa wa chochote.

Mwaka 1960 akaingia Chuo Kikuu cha Meiji, Tokyo, akajiunga na klabu ya kupanda milima bila kujua hata kufunga kamba. Alikuwa mfupi, sentimita 162 tu, na mazoezi ya kwanza yalimtoa jasho la damu. Alikuwa akianguka kila mara, mpaka wenzake wakampa jina la utani la Donguri, yaani lile tunda dogo la mti wa mwaloni ambalo likidondoka linabiringika mpaka chini. Kwa soka ni yule kijana anayekokota koni na chupa za maji mazoezini, kocha hata jina lake halijui. Tofauti ni kwamba Donguri alikuwa anarudi mlimani mwenyewe, siku ambazo klabu haiendi, anafanya mazoezi peke yake mpaka miguu ikazoea.

Alipomaliza chuo mwaka 1964 hakutafuta kazi ya ofisini. Alipanda meli kwenda Marekani na pesa kiduchu mfukoni, akafanya vibarua vya kuchuma matunda California. Kibali cha kazi hakuwa nacho, na maofisa wa uhamiaji wakamdaka. Akajieleza kwamba anatafuta nauli ya kwenda kwenye milima ya Alps, basi. Badala ya kurudishwa Japani akaachwa aendelee na safari yake ya Ulaya. Ilikuwa bahati, lakini pia jamaa alikuwa na uso wa mtu asiyejua kudanganya, na hilo lilimfungulia milango mingi maishani.

Ufaransa nako alikaribia kufa kabla hata hajaanza. Novemba mwaka huo alipanda Mont Blanc peke yake, na kwenye uwanda wa barafu akakanyaga theluji laini iliyofunika ufa.

Hapa inabidi kueleza kidogo. Milima mirefu yenye baridi ina mito ya barafu inayoshuka polepole mno, na barafu ikipinda inapasuka. Ufa unaweza kuwa na kina cha makumi ya mita, na theluji inaufunika juu kama kapeti juu ya shimo. Ndiyo maana wapandaji wanafungana kamba: mmoja akizama, wenzake wanajitupa chini na kumshikilia. Wewe peke yako unashikiliwa na nani?

Uemura alishikiliwa na bahati. Mzigo wake mgongoni na meno ya chuma ya buti zake vilinasa kwenye kuta za ufa, akabaki ananing'inia, akajitoa taratibu, akarudi chini. Mlima ukasubiri hadi Julai 1966.

Katikati hapo alipata kazi Morzine, kwenye kituo cha michezo ya theluji cha Jean Vuarnet, Mfaransa aliyechukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960. Kijana hajui Kifaransa, na kuteleza kwenye theluji nako ni kwa kubahatisha, lakini bingwa akamwajiri. Ukiuliza wachezaji wengi waliotoka kimaisha, utakuta kuna mtu mmoja aliyewapa nafasi bila kuona sababu ya maana ya kufanya hivyo.

KWANINI PEKE YAKE?

Wengi hudhani mtu anayependa upweke namna hii lazima awe amechukia watu. Kwa Uemura ilikuwa kinyume, na jibu liko Himalaya, Aprili 1965.

Klabu yake ya Meiji ilipeleka kikosi kwenye Gojumba Kang, kilele cha zaidi ya mita 7,600 mpakani mwa Nepal na Tibet ambacho hakuna mtu alikuwa amekifikia. Uemura aliungana nao akitokea Ufaransa. Wenzake walikuwa wamechangishana pesa, wamepanga, wamebeba maboksi kwa miezi. Yeye amekuja mwishoni. Lakini siku ya kilele ilipofika, waliosimama juu walikuwa yeye na Sherpa Pemba Tenzing.

Yaani umesajiliwa dirisha dogo, unaingia dakika ya 88, unafunga bao la ubingwa, picha zote ni zako. Wengi wangevua jezi na kukimbilia jukwaani. Yeye aliona aibu. Kikosi kiliporudi Japani kupokewa, yeye hakwenda. Alirudi Ufaransa kwenye kibarua chake. Kuanzia hapo alitaka kilele ambacho hakuna mtu mwingine amekitolea jasho, ili asidaiwe na mtu.

Mwaka uliofuata ndipo akaanza kukusanya. Julai akapanda Mont Blanc, na mwaka huohuo Matterhorn. Kisha meli ikamleta Kenya, na Oktoba 1966 alipanda Mlima Kenya na baada ya siku chache Kilimanjaro, akafika kileleni Uhuru, mita 5,895. Leo usingeweza kufanya alivyofanya, maana sheria za hifadhi hazikuruhusu kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji. Februari 1968 akapanda Aconcagua, mkubwa kuliko yote Amerika Kusini, halafu akashuka mto Amazon kwa boya la magogo, kilomita kama 6,000 ndani ya siku 60.

Mei 11, 1970 yeye na Teruo Matsuura wakawa Wajapani wa kwanza kusimama juu ya Everest. Huo ulikuwa msafara mkubwa wa taifa, na mwenzao mmoja alifia mlimani. Miezi mitatu baadaye, Agosti, akapanda McKinley, mita 6,190, mtu wa kwanza kuupanda peke yake. Hapo akawa wa kwanza duniani kufika kilele kirefu zaidi katika mabara matano. Umri, miaka 29.

Mwaka 1971 alirudi Everest na kikosi cha kimataifa, mastaa wa nchi mbalimbali. Yeyote aliyewahi kuona timu ya mastaa bila kocha mwenye sauti anajua kilichotokea. Wakagombana njia ya kupita, Mhindi mmoja akafa kwenye dhoruba, wengine wakafungasha wakaondoka. Uemura alibaki, akiwabebea mizigo wazungu wawili waliokuwa mbele wakisaka kilele, ambacho nacho hawakukipata. Hakulalamika. Ila baada ya hapo alitafuta mahali ambapo hakuna wa kugombana naye.

MBWA, DUBU NA BARAFU

Alikwenda Greenland, kijiji cha Siorapaluk, kaskazini kabisa ambako jua linapotea kwa miezi. Akaishi na Wainuit, akajifunza kula nyama mbichi ya sili, kuvaa ngozi, kuendesha sledi, kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa juu ya theluji. Mzee mmoja na mkewe wakamfanya mtoto wao. Hili lisisahaulike: upweke wake wote wa baadaye alifundishwa na watu.

Mwaka 1974 alimuoa Kimiko, na Desemba hiyohiyo akaanza safari ya kutoka Greenland hadi Alaska kwa mbwa, kilomita 12,000. Ni kama kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam mara kumi, isipokuwa hakuna basi wala mgahawa njiani. Aliimaliza Mei 1976. Kuna wakati mbwa wake walitoroka wakamwacha jangwani mwa barafu, na hapo hesabu ilikuwa imefungwa. Kiongozi wao, jike aliyeitwa Anna, ndiye aliyerudi akiwa na wenzake wachache. Bila Anna hadithi ingeishia hapo.

Machi 1978 akaondoka kuelekea Ncha ya Kaskazini. Siku ya nne tu dubu mweupe aliingia kambini, akala akiba ya chakula, akachana hema na kuanza kuusukumasukuma kwa pua ule mfuko wa kulalia. Uemura yumo ndani. Akajikausha kama maiti mpaka dubu akachoka akaenda zake. Kesho yake aliporudi alimkuta Uemura na bunduki mkononi.

Baadaye barafu ya baharini ilipasuka usiku, yeye na mbwa wakabaki kwenye kipande kinachoelea. Asubuhi akaona daraja jembamba la barafu limeunganisha kipande chake na vingine, akapitisha mbwa haraka kabla halijaachia. Mwishoni mwa Aprili alikuwa kwenye Ncha, mtu wa kwanza kufika huko peke yake. Kwa haki ya kumbukumbu, ndege zilikuwa zikimletea chakula na mbwa wa kubadilisha, na yeye mwenyewe hakuwahi kulificha hilo. Wapo wanaotumia hoja hiyo kumpunguzia sifa. Waacheni, lakini wakati dubu anamnusa hakukuwa na ndege.

Baada ya hapo mambo yakaanza kumgeuka. Majira ya baridi ya 1980 kuingia 1981 aliongoza Wajapani kwenye Everest. Kilele hawakukipata na mmoja wao akafa. Halafu ndoto yake kubwa, kuvuka Antarktika kwa mbwa, peke yake. Jeshi la Argentina lilikubali kumsaidia, akakaa kwenye kambi yao kusini mwa dunia mwaka 1982 akisubiri. Ndipo Argentina na Uingereza zikapigana vita ya Falklands. Msaada ukaondolewa. Mwaka mzima wa kusubiri, akarudi nyumbani 1983 mikono mitupu.

Hebu mfikirie sasa. Ana miaka 42, na kila shabiki anajua umri huo unamfanyaje mchezaji. Mara mbili mfululizo amekosa. Alikuwa anataka kufungua shule ya kufundisha watoto maisha ya porini huko Hokkaido, na alikwenda Minnesota, Marekani, kuona shule za aina hiyo zinavyoendeshwa. Kutoka hapo Alaska haikuwa mbali. McKinley alishaupanda kiangazi. Hakuna mtu aliyekuwa ameupanda peke yake wakati wa baridi.

MLIMA WA FEBRUARI

McKinley wa baridi si Kilimanjaro iliyoongezwa mita 300. Uko karibu na Aktiki, hewa ya juu kule ni nyembamba zaidi kuliko ya mlima wa urefu uleule karibu na ikweta, mchana wa Februari ni mfupi, na joto hushuka hadi nyuzi 46 chini ya sifuri na zaidi. Friji la kugandishia samaki liko kwenye 18 chini ya sifuri. Halafu kuna upepo unaomng'oa mtu mzima miguuni. Waliofika juu wakati wa baridi kwa mara ya kwanza, mwaka 1967, walikuwa kikosi. Mwenzao mmoja alikufa kwenye ufa siku za mwanzo, na watatu waliofika kileleni walinaswa na dhoruba wakati wa kushuka, wakajichimbia pango na kulala humo siku kadhaa wakisubiri kufa au upepo utulie. Walikuwa watatu, wanapeana joto na moyo.

Uemura alianza mwanzoni mwa Februari 1984 akiwa na mzigo wa kilo 18 mgongoni na sledi ndogo nyuma. Hema hakubeba, angechimba mapango kwenye theluji. Mafuta ya jiko aliyapunguza, akapanga kula vitu vya baridi, ikiwemo nyama mbichi, kama alivyofundishwa Greenland. Na mabegani alijifunga mianzi mirefu iliyolala upande kwa upande. Yule kijana aliyenasa Mont Blanc hakuwa amesahau: akizama kwenye ufa, mianzi ingelala juu ya kingo mbili na kumshika, ajivute atoke. Mianzi ndiyo ilikuwa kamba yake na wenzake.

Kwenye shajara aliandika habari za baridi, za mfuko wa kulalia ulioganda, na hamu ya kulala kwenye wenye joto. Aliandika pia kwamba liwe liwalo, huu mlima ataupanda. Februari 12 akaupanda. Wapandaji waliofika baadaye waliikuta bendera ya Japani aliyoiacha kileleni.

Kisha yale mazungumzo ya redio ya tarehe 13, halafu kimya.

Ikaripotiwa kwamba ameonekana kwenye mita 5,000 hivi. Hali ya hewa ikafunga. Waliokuwa chini walijua kwamba mafuta yake pengine yanakwisha. Wangeweza kuanza kupanga kikosi cha uokoaji. Lakini huyu ni Uemura. Ndiye aliyelala chini ya pua ya dubu. Ukimpelekea watu halafu umkute anashuka mwenyewe, umemharibia kazi ya maisha yake, maana kilele chake si cha peke yake tena. Waliogopa kumvunjia heshima. Sifa aliyoijenga kwa miaka 18 ilisimama kati yake na machela.

Ilipofika Februari 20 anga ikafunguka, na mlimani hakukuwa na mtu. Akiba za chakula zilizoachwa karibu na wapandaji wengine hazikuguswa. Wapandaji wawili wazoefu wakashushwa kwenye mita 4,270, wakatafuta mpaka tarehe 26 huku dhoruba nyingine ikiwapiga. Walikuta pango lake la wakati wa kupanda, na ndani yake ile shajara na vitu alivyoviacha ili awe mwepesi. Baadaye Wajapani wapatao 20 walikwenda kutafuta mwili wa ndugu yao. Walipata vifaa vyake vingi kwenye mita 5,240. Yeye hawakumpata.

Aprili mwaka huohuo serikali ya Japani ilimpa Tuzo ya Heshima ya Taifa, ileile ambayo wa kwanza kuipata alikuwa nyota wa besiboli Sadaharu Oh mwaka 1977, na ambayo mwaka 2011 ilikwenda kwa timu ya wanawake ya soka baada ya kubeba Kombe la Dunia.

Kimiko hakumlilia mbele ya kamera kama waandishi walivyotarajia. Aliwakumbusha kwamba mumewe alikuwa na kawaida ya kujigamba nyumbani kuwa kazi ya msafiri ni kurudi hai, na akasema kwamba kwa hiyo safari hii amefanya uzembe kidogo. Miaka kumi ya ndoa, na sehemu kubwa yake aliishi akisubiri barua.

Mwaka 1988 mwongozaji wa milima wa Alaska aliyeitwa Vern Tejas aliingia McKinley peke yake wakati wa baridi. Badala ya mianzi alijifunga ngazi ya aluminiamu. Alifika kileleni, naye dhoruba zikamkamata wakati wa kurudi, akajichimbia na kusubiri, siku baada ya siku. Alishuka akiwa hai, wa kwanza.